Safu ya Mengineyo

Mwezi mzima nimeketi mbele ya televisheni ya Bi Somoe,
Mkomani, chumba cha juu, kalamu sikioni,
nahesabu.
Nani ashika usukani. Nani ashika mwiko.
Nani aulizwa, nani ajibu.
Karatasi ina safu tano na mistari mia mbili:
jinsia, kazi, mahali, sauti, muda.
Pembeni kabisa kuna ya sita, nyembamba kama uzi,
"mengineyo".
Mwalimu alinionya nisiitumie ovyo.

Sabuni ya unga: mke, uani, anatabasamu.
Sauti: mume. Haonekani, ila ndiye ajuaye
kwa nini doa limetoka.
Saruji: mume. Mbolea: mume, na ng'ombe.
Dawa ya mbu: mke yu macho, mume anakoroma,
asubuhi daktari (mume) ampongeza mama
kwa akili ya kununua.
Mafuta ya kupikia, mara kumi na nne kabla ya adhana ya magharibi,
na mara zote kumi na nne yeye huonja mchuzi
huku akimtazama mtu aliyeketi mezani,
kama mtahiniwa aliyesimama mbele ya ubao wa matokeo.

Nimeandika. Sikukasirika.
Utafiti hauna hasira, una namba:
1 ni mume, 2 ni mke.
Siku ya tisa ndipo nilipojiuliza nani alizipanga hivyo,
na kwa nini mimi, siku nane, sikuona kitu.

Twaha yuko kwao Langoni, anahesabu vipindi vivi hivi.
Ndiyo kanuni: wawili, mbalimbali, kisha tulinganishe.
Tumeafikiana karibu kote.
Tumegombania sekunde tisa,
tangazo la simu, baba amembeba mtoto.
Twaha kaandika "analea".
Mimi nimeandika "anapigwa picha".
Tukalirudisha mara sita.
Mara ya sita tukauona, ukingoni mwa kioo,
mkono wa mwanamke
umenyooshwa, wangoja kurudishiwa.

Na nyuma yangu, muda wote huo,
Ami Lali anashona kofia.
Sindano yaingia, yatoka, kitobo baada ya kitobo,
miezi mitatu kwa kichwa cha mtu mmoja.
Mjukuu amelala pajani pake, mate yamelowa kikoi.
Kiooni kuna mchekeshaji: mke kasafiri,
mume hawezi hata kutia uzi sindanoni,
na watu wasioonekana wanaangua kicheko.
Ami Lali hainui kichwa.
"Huyo hakufunzwa," asema,
akaukata uzi kwa meno.

Ikaja benki. Mume amkabidhi mke funguo za nyumba mpya,
mke alia kwa furaha, kinanda chapanda.
Bi Somoe alikuwa apeta mtele.
"Ampa nyumba? Kwani huyu mwanamke
alikuwa akikaa wapi?"
Maana nyumba hii, boriti zake, kisima chake,
alipewa na mamake siku ya harusi,
na mamake na mamake,
naye Ami Lali aliingia na sanduku moja na mswaki.

Nikachangamka, nikageuza karatasi, nikaandika mbio,
hadi akaniwekea ungo juu ya maneno.
"Na wewe, mato yote kiooni, ukigeuka wanitia mimi humo.
Usinifanye tangazo.
Nyumba ni yangu, sawa.
Lakini daka la mlangoni, wanapoketi wao jioni,
mimi sijaliketi hata siku moja.
Andika na hilo."

Nimeliandika.
Safu nyembamba imefurika, imepanda pambizoni,
imezunguka hadi nyuma ya karatasi.
Mwalimu atauliza.
Umeme ulipokatika kioo kikawa cheusi,
nikatuona humo: ungo, sindano, mtoto, kalamu,
hakuna auzaye kitu.
Mkono ukaanza wenyewe, kwa mazoea: 1, 2,
ukasimama
penye jina la Ami Lali.